Ufundishaji wa masuala tata

Ufundishaji wa masuala tata ni sehemu ya ualimu inayohusu namna ya kuwaongoza wanafunzi kujadili mambo ambayo jamii, nchi au dunia nzima haijakubaliana juu yake. Mifano yake ni mabadiliko ya tabianchi, wakimbizi na uhamiaji, madeni na misaada ya nchi maskini, matumizi ya mafuta na nyuklia, haki za wanawake na watoto, vita, na mipaka ya mila na dini. Masuala hayo hufundishwa ndani ya masomo ya kawaida kama Uraia, Historia, Jiografia na Biolojia, au nje ya vipindi katika midahalo na klabu za shule.

Makala hii inaeleza maana ya masuala tata, nadharia kuu za kuyafundisha, historia yake nchini Tanzania, na mbinu zinazotumika. Mifano mingi imetolewa Dodoma na Singida, mikoa ya uwanda wa kati, ambako mambo mengi yanayoitwa "ya dunia" yanapatikana jirani na shule.

## Maana

Si kila jambo linalobishaniwa ni suala tata kwa maana ya kielimu. Mwanafalsafa wa elimu wa Uingereza Robert Dearden alipendekeza mwaka 1981 kwamba jambo ni tata pale watu wanapoweza kuwa na maoni yanayopingana juu yake bila yeyote kati yao kwenda kinyume na akili. Kwa kipimo hicho, iwapo ushahidi umeshaonyesha jibu, mwalimu hapaswi kulifundisha jambo hilo kana kwamba pande mbili zina uzito sawa.

Kwa mfano, kwamba dunia inazidi kupata joto kwa sababu ya shughuli za binadamu si suala tata kisayansi. Lakini swali la nani alipe gharama za kupunguza joto hilo, nchi zilizochoma makaa na mafuta kwa miaka zaidi ya mia moja au nchi zote kwa pamoja, ni suala tata kwelikweli.

Kwa kawaida suala moja huwa na maswali ya aina tatu yaliyochanganyika:

* maswali ya ukweli: nini kimetokea, kiasi gani, kwa sababu gani. Hujibiwa kwa ushahidi;
* maswali ya sheria: nini kinaruhusiwa au kukatazwa. Hujibiwa kwa kusoma sheria na hukumu za mahakama;
* maswali ya maadili na maslahi: nini kifanyike, nani afaidike, nani abebe mzigo. Haya ndiyo mara nyingi hubaki wazi.

Kutenganisha maswali hayo kabla ya kufungua majadiliano ni hatua ambayo mbinu nyingine zote hutegemea. Mwalimu asipoifanya, wanafunzi wanaweza kupigia kura jambo ambalo ni la ushahidi, au kukariri kama ukweli jambo ambalo ni maoni tu.

Hali ya suala pia hubadilika. Mtafiti wa Marekani Diana Hess ameeleza kwamba jambo linaweza kuwa wazi katika kizazi kimoja na kufungwa katika kingine. Haki ya wanawake kupiga kura ilibishaniwa sana katika nchi nyingi mwanzoni mwa karne ya 20. Leo haifundishwi tena kama swali lenye pande mbili.

## Nadharia na misimamo ya mwalimu

Nchini Uingereza, Lawrence Stenhouse aliongoza mradi wa mtaala kati ya 1967 na 1972 uliopendekeza kwamba mwalimu awe kama mwenyekiti asiyeegemea upande: alete vyanzo, alinde zamu ya kila msemaji, lakini asitumie mamlaka yake kusukuma maoni yake. Baadaye Sheria ya Elimu ya 1996 ya Uingereza na Wales ilikataza kuwafunza wanafunzi siasa za upande mmoja na kutaka maoni yanayopingana yaelezwe kwa uwiano.

Nchini Ujerumani Magharibi, walimu na wataalamu waliokutana Beutelsbach mwaka 1976 walifikia misingi mitatu inayojulikana kama Makubaliano ya Beutelsbach:

1. mwalimu asimzidi nguvu mwanafunzi kwa kumlazimisha maoni;
2. kinachobishaniwa katika jamii na katika taaluma kibishaniwe pia darasani;
3. mwanafunzi awezeshwe kutambua hali na maslahi yake mwenyewe.

Mmarekani Thomas Kelly aliainisha mwaka 1986 misimamo minne ya mwalimu: kukwepa mada kabisa, kufundisha upande mmoja tu, kueleza pande zote na kuficha maoni yake, na kueleza pande zote kwa haki huku akikiri maoni yake pale anapoulizwa. Kelly aliutetea msimamo wa nne. Wakosoaji wake husema kwamba unafaa zaidi mahali ambapo wanafunzi wamezoea kumpinga mwalimu bila hofu.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliingiza elimu ya uraia wa dunia katika shabaha 4.7 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu. Mashirika kama Oxfam yametoa miongozo ya kuwasaidia walimu kufundisha mada tete za dunia.

## Historia nchini Tanzania

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Rais Julius Nyerere alitoa waraka wa *Elimu ya Kujitegemea*. Waraka huo ulitaka shule zimjengee mwanafunzi mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na wengine na kukataa au kurekebisha yasiyomfaa, na kujiamini kama mwananchi aliye sawa na wengine. Kwa upande mwingine, somo la Elimu ya Siasa lililofundishwa katika miaka hiyo lilieleza msimamo wa chama kimoja, na mitihani yake ilimtaka mwanafunzi aujue msimamo huo. Hivyo udadisi ulihimizwa wakati mada zenyewe za siasa zilikuwa na jibu moja.

Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudishwa mwaka 1992, Elimu ya Siasa iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na somo la Uraia. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 ulileta mkazo wa umahiri, yaani mwanafunzi aonyeshe anachoweza kufanya badala ya kukariri. Majadiliano ya vikundi, igizo dhima na bunguabongo viliingia katika mihtasari na katika maandalio ya somo ya walimu.

Mwaka 2023 Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitolewa upya na mitaala mipya ikaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Utekelezaji ulianza Januari 2024. Miongoni mwa masomo yake ni Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili.

Mwaka huohuo wa 2023, mwezi Februari, Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 katika shule, kikiwemo mfululizo wa *Diary of a Wimpy Kid*, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na malezi ya Kitanzania. Hatua hiyo ilionyesha kwamba mipaka ya mada zinazoruhusiwa darasani ni yenyewe jambo linalobishaniwa.

## Mifano kutoka uwanda wa kati

### Bomba la mafuta ghafi

Bomba la mafuta la Afrika Mashariki (EACOP) lina urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani karibu na bandari ya Tanga. Kilometa 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, na njia yake inapita katika mikoa ya Singida na Dodoma. Mafuta yake yana nta nyingi, kwa hiyo bomba hulazimika kupashwa joto njia nzima. Wanahisa ni kampuni za TotalEnergies ya Ufaransa na CNOOC ya China pamoja na mashirika ya mafuta ya serikali za Uganda na Tanzania.

Tarehe 15 Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio lililokosoa mradi huo kwa sababu za haki za binadamu, fidia ya ardhi, mazingira na tabianchi. Serikali za Uganda na Tanzania zililikataa, zikisema nchi zao zina haki ya kutumia rasilimali zao kama Ulaya ilivyofanya.

Suala hili hugawanyika vizuri katika maswali matatu yaliyotajwa juu. Urefu, wamiliki na njia ya bomba ni maswali ya ukweli. Utaratibu wa fidia ni swali la sheria, na wanafunzi wanaweza kusoma vifungu vya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Swali linalobaki wazi ni kama nchi isiyochangia sana joto la dunia ina wajibu wa kuacha mafuta ardhini, na kama ndiyo, nani aifidie.

### Mpango wa karanga wa Kongwa

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Tanganyika ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliofuata Vita Kuu ya Pili. Lengo lilikuwa zaidi ya ekari milioni 3, na kazi ilianzia Kongwa. Mvua zilikuwa haba na zisizotabirika, udongo ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mashine ziliharibika. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kutumia takriban pauni milioni 36.

Kwa mwalimu, mfano huu una faida ya pekee: ni wa zamani. Hakuna mzazi wala kiongozi wa leo anayeulinda, hivyo wanafunzi huweza kuuliza bila woga nani aliamua, nani hakuulizwa, na ujuzi gani wa wakulima wa Ugogo ulipuuzwa. Wakishazoea maswali hayo, huweza kuyauliza pia kuhusu miradi mikubwa ya ardhi ya wakati wao.

Kongwa hiyohiyo ilikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika katika miaka ya 1960, wakiwemo wa FRELIMO, ANC na SWAPO. Historia hiyo hutumika kujadili swali gumu zaidi: ni wakati gani, kama upo, silaha zinahalalika katika kudai haki.

### Hifadhi ya ardhi Kondoa

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden ili kukabiliana na makorongo na mmomonyoko. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi la Kondoa. Nyasi na miti vilirudi katika sehemu nyingi, na baadaye ufugaji wa ng'ombe wa zizini ukaruhusiwa. Lakini kaya zilipoteza mifugo yao karibu na nyumbani, na wengine walihama nayo. Swali la kama mazingira yaokolewe kwa amri au kwa ridhaa linafanana na lile linalobishaniwa leo kuhusu hifadhi duniani kote.

### Kuni za jiko la shule

Mwaka 2023 Serikali iliziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, zikiwemo shule, ziache kuni na mkaa na kuhamia nishati safi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034.

Katika Dodoma yenye mvua haba, ambako uji na makande ya shule yamezoea kupikwa kwa kuni, mada hii haihitaji picha wala ramani. Wanafunzi wanaweza kupima kuni zinazotumika kwa wiki, kuuliza bei ya mtungi wa gesi, kuzungumza na mpishi kuhusu moshi, na kujadili gharama ya kubadili iangukie wapi: kwa wazazi, halmashauri, Serikali kuu au wafadhili wa nje.

### Ukeketaji na ndoa za utotoni

Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, lakini Dodoma ilikuwa asilimia 47 na Singida 31. Katika utafiti wa 2022 kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 8. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Katika mikoa ya kati imekuwepo imani kwamba ukeketaji hutibu *lawalawa*, jina la maradhi ya sehemu za siri kwa watoto wa kike. Kitaalamu maradhi ya aina hiyo hutibiwa kwa usafi na dawa za kawaida.

Hapa kosa la kawaida ni kuandaa mdahalo wenye hoja ya "ukeketaji uendelee au usiendelee". Madhara ya kiafya yameshathibitishwa na sheria iko wazi, kwa hiyo upande wa kutetea hauna hoja ya haki ya kupewa. Zaidi ya hapo, darasani anaweza kuwepo msichana aliyekeketwa, au ambaye familia yake inapanga kumkeketa. Mdahalo kama huo humlazimisha asikilize wenzake wakipigiwa makofi kwa kutetea jambo analolibeba mwilini. Kinachobaki wazi, na kinachofaa kujadiliwa, ni kwa nini mila inaendelea licha ya sheria, kwa nini baadhi ya familia zimeanza kukeketa watoto wachanga kwa siri, na njia ipi inaweza kuikomesha bila kuvunja familia.

Suala la ndoa lina sura tofauti kwa sababu sheria yenyewe ilibishaniwa mahakamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwanasheria Rebeca Gyumi, mzaliwa wa Dodoma, alifungua kesi, na Julai 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani iliunga mkono uamuzi huo Oktoba 2019. Mwaka 2016 pia Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili kumwadhibu kwa kifungo cha miaka 30 anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Wanafunzi waliopata mimba hawakuruhusiwa kurudi katika shule za serikali, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alisisitiza msimamo huo. Novemba 2021 Serikali iliubadili na kuruhusu warudi. Ndani ya miaka minne, jibu "sahihi" la mwalimu wa Uraia lilikuwa limegeuka.

## Mbinu

Kuanza na vyanzo viwili au zaidi. Wanafunzi husoma maelezo ya pande tofauti kuhusu jambo moja, kisha hutaja wanachokubaliana kabla ya wanachotofautiana. Dodoma ina faida ya kuwa makao ya Bunge: shule huweza kuomba kutembelea ukumbi wakati wa vikao, na Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge zinapatikana kwa umma.

Mdahalo. Ndiyo mbinu iliyozoeleka zaidi katika sekondari, ikiwa na mwenyekiti, katibu, mtunza muda na pande za kuunga na kupinga hoja. Hujenga ujasiri wa kusema. Udhaifu wake ni kwamba hulenga ushindi. Baadhi ya walimu huurekebisha kwa kuzitaka pande zibadilishane nafasi katikati, kisha darasa zima liandike hoja iliyokuwa na nguvu zaidi kutoka kila upande.

Mstari wa maoni. Wanafunzi husimama kwenye mstari kutoka "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa" na kueleza sababu. Wanaruhusiwa kuhama wakisikia hoja iliyowashawishi. Mbinu hii haifai kwa mada zinazogusa miili au familia za wanafunzi.

Igizo dhima. Mwanafunzi huchukua nafasi ya mkulima, mfugaji, mhandisi au afisa ardhi. Baada ya igizo, mwalimu huwavua nafasi hizo waziwazi ili maneno yaliyosemwa kwenye mchezo yasibaki kwa aliyeyasema.

Sanduku la maswali. Maswali huandikwa bila jina. Hufaa sana kwa afya ya uzazi, dini na ukatili wa nyumbani.

Kumlinda mwanafunzi. Kabla ya kufundisha mada kama ukeketaji, mwalimu anatakiwa kujua pa kumpeleka mtoto atakayejitokeza kuomba msaada: mwalimu wa ushauri na unasihi, ofisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au simu ya bure ya msaada kwa watoto, namba 116.

## Vikwazo

Lugha. Masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayezungumza Kigogo, Kirangi au Kinyaturu nyumbani, na aliyesoma msingi kwa Kiswahili, huweza kuwa na hoja nzuri na kukosa maneno. Majadiliano hubaki kwa wachache wanaokimudu Kiingereza.

Mitihani na wingi wa wanafunzi. Mitihani ya taifa huandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na mwalimu hupimwa kwa matokeo. Katika darasa la wanafunzi wengi na kipindi cha dakika 40, kuandika muhtasari ubaoni ni rahisi kuliko kusimamia majadiliano.

Hofu. Mwalimu wa shule ya serikali ni mtumishi wa umma na hapaswi kufanya kampeni za chama darasani. Wengine huuchukulia mpaka huo kuwa mpana kuliko ulivyo na kukwepa mada yoyote iliyotajwa bungeni au magazetini. Wengine huwaogopa wazazi, hasa pale wanapokuwa wageni katika kijiji.

Heshima. Malezi ya jamii nyingi humfundisha mtoto asimpinge mkubwa. Hata hivyo jamii hizohizo zina utamaduni wa kukaa barazani na kusikilizana hadi kupatana, na walimu kadhaa huanzia hapo kuliko kwenye mashindano ya maneno.

## Ukosoaji

Baadhi ya wazazi na viongozi wa dini huona kwamba mada tete humchanganya mtoto kabla hajajenga msingi wa imani na maadili, na kwamba orodha ya "masuala ya dunia" mara nyingi huandaliwa na mashirika ya nje. Hoja hii ina uzito pale mifano yote inapotoka mbali na pale jibu linalotarajiwa linapokuwa limeshaandikwa kwenye mwongozo wa mfadhili.

Wengine hudai kinyume chake: kwamba kutoegemea upande humfaa mwenye nguvu, kwa kuwa kumweka mwenye kampuni na aliyepoteza shamba kwenye mizani moja si haki.

Wanaotetea ufundishaji huu hujibu kwamba vijana hukutana na mada hizo kwenye simu, sokoni na nyumbani hata shule ikinyamaza, na kwamba darasani angalau yupo mtu mwenye wajibu wa kuuliza ushahidi uko wapi na nani hajasikika.

## Tazama pia

* Elimu ya Kujitegemea
* Uraia
* Ukeketaji
* Mabadiliko ya tabianchi
* Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki
* Mkoa wa Dodoma
* Kongwa